Kwa nini theluji inaua wazoefu? Nauliza nikiwafikiria wavuvi wetu wa Kibirizi

#1 Mtoto wa Kibirizi
Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni mzaliwa wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nilikuja Uswisi kusomea mambo ya hoteli. Mwaka huu nimepangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba ya kulala wapanda milima, juu kabisa huku Valais. Barabara haifiki, vyakula vinaletwa na helikopta. Wageni wetu si wale wanaoteleza kwenye viwanja vya lifti vilivyosawazishwa na mashine. Hawa wanapanda mlima mtupu kwa nguvu zao, skii zikiwa miguuni, halafu wanateremka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Wengi wako njiani kutoka Chamonix ya Ufaransa kwenda Zermatt, safari ya siku kadhaa wakilala kwenye nyumba kama yetu.

Naamka saa tisa usiku kuwachemshia chai. Saa kumi na moja wanaondoka na taa za kichwani. Nikisimama dirishani naona mstari wa taa unapanda gizani, na kila siku nawakumbuka wavuvi wa kwetu wakitoka na taa zao siku ambazo mwezi haupo. Ndiyo maana nimeleta swali hili hapa nyumbani na si kwenye kurasa za wazungu.

Wiki tatu zilizopita mzee mmoja aliyekunywa chai yangu hakurudi, alifukiwa na poromoko la theluji. Alikuwa na zaidi ya miaka 30 kwenye milima hii. Vifaa vyote anavyo. Jana yake jioni ndiye aliyekaa mezani akiwafundisha vijana kusoma theluji. Asubuhi aliniomba nimwongezee sukari kwenye chupa ya chai. Mchana waokoaji walileta begi lake, na kwa kuwa begi lilikuwa limelowa nikapewa mimi nilianike. Nilipofungua ile chupa chai ilikuwa bado ya moto.

Swali langu: kwa nini yeye? Wale vijana wageni wamerudi salama. Hata kwetu ziwani, nikihesabu wanaozama, wengi si wageni wa maji. Ni watu waliozaliwa na kasia mkononi. Nataka maelezo, si pole tu.

#2 Mnyamwezi wa Urambo
Pole utapewa hata ukiikataa, ndugu yangu. Pole sana.

Ila watu wa Kigoma nyie, mtu akipandishwa hadi juu ya mawingu bado analiona ziwa! Mimi wa nchi kavu naanza na la msingi: mtu anapandaje mlima na mbao miguuni bila kurudi nyuma?

#3 Mtoto wa Kibirizi
Mtani, ahsante. Chini ya skii wanabandika ngozi. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, mnyama wa baharini. Siku hizi ni kitambaa cha nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, yaani mohea. Nimeishika: ukipitisha kiganja kuelekea nyuma ni laini kama ngozi ya mbuzi ukiipapasa inavyolala, ukirudisha kiganja mbele manyoya yanasimama yanakukwangua. Skii ikisukumwa mbele inateleza, ikitaka kurudi inang'ang'ania. Kisigino kimeachwa huru, kinanyanyuka kama unavyotembea. Wakifika juu wanabandua ngozi, wanafunga kisigino, wanateremka. Kupanda saa nne, kushuka dakika 20.

#4 Kalinzi Kahawa
Nilisikia maporomoko ya theluji yanaletwa na kelele. Mtu akipiga ukelele au akiimba tu, mlima mzima unashuka. Labda hao wageni walikaa kimya kwa woga, mzee akawa anaongea kwa kujiamini?

#5 Mwalimu Kasulu
Mkuu wa #4, hiyo ya kelele ni hadithi. Sauti ya mtu haina nguvu ya kuvunja theluji. Kinachovunja ni uzito, na mara nyingi ni uzito wa huyo huyo anayekufa. Katika ajali za namna hii, karibu 9 kati ya 10 poromoko limeanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake wa msafara. Halimwangukii mtu kutoka mbinguni, yeye ndiye amelikata.

Nieleze fizikia yake kidogo. Theluji haianguki mara moja ikaisha. Inaanguka tabaka juu ya tabaka majira mazima ya baridi, na kila tabaka lina tabia yake. Usiku mweupe usio na mawingu, juu ya theluji hujiunda umande ulioganda, vipande vyembamba kama manyoya. Vinapendeza sana kuangalia. Ikija theluji nyingine ikavifunika, umepata tabaka dhaifu katikati. Aina nyingine inatokea chini: ardhi iko karibu na nyuzi sifuri, juu kuna baridi kali, mvuke unapanda kutoka chini na kugeuza chembe za theluji kuwa kubwa, kavu, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamiminika kama sukari.

Sasa weka juu yake bamba gumu lililopangwa na upepo. Mtu mmoja akipita, tabaka la sukari linabomoka chini yake, ufa unakimbia mita mia na zaidi kwa kufumba na kufumbua, bamba lote linaondoka naye akiwa juu yake. Miteremko hatari ni ya nyuzi 30 mpaka 45. Chini ya hapo kwa kawaida bamba halitelezi, na pakiwa wima sana theluji haikai ikajazana. Ubaya ni kwamba hiyo hiyo ndiyo miteremko mitamu kwa skii.

#6 Fundi Tofali
Mwalimu nimekuelewa vizuri. Ni kama kumwaga gololi kwenye paa, ukalaza mbao juu yake, ukamwambia kibarua apande. Mbao yenyewe haina kosa.

#7 Takwimu Tu
Kabla hatujafika mbali. Huenda hakuna fumbo lolote hapa. Mgeni anaingia mlimani siku 3 kwa mwaka, mzee yule labda siku 80. Kwa miaka 30 hizo ni siku 2,400. Hata kama kila siku hatari ni ndogo sana, ukiirudia mara 2,400 inakusanyika. Wavuvi wenu ni hivyo hivyo. Anayezama ni aliyekuwepo majini. Anza kwa kuhesabu siku, ndipo useme uzoefu umemponza.

#8 Mama Mawese
Kaka Takwimu, hesabu yako siipingi, ila naona inapita pembeni.

Kaka yangu alizama miaka tisa iliyopita, mwezi wa saba, kusi ikiwa kali. Jioni ile alikuwa amekaa mchangani na wenzake wanajadili watoke au wasitoke. Yeye alishasema hatoki. Nilimpelekea ugali mwenyewe nikamkuta anakunja neti. Kisha taa mbili zikaonekana mbali ziwani, watu wa mwalo mwingine wameshatoka. Akasimama. Alisema tu, "Kumbe wenzetu wako kazini." Hakusema neno jingine. Hesabu ya siku ni sawa kwa siku zote, lakini siku ile kilichomtoa ni zile taa mbili.

#9 Mtoto wa Kibirizi
Dada, pole. Umenigusa mahali. Kwenye theluji wanazungumzia kitu hicho hicho. Ukikuta alama za skii za mtu aliyetangulia, moyo unatulia: amepita, pako salama. Lakini bamba linaweza kubeba watu tisa, likakatika kwa wa kumi kwa sababu amepita hatua mbili pembeni, pale theluji ilipo nyembamba na uzito wake ukafika hadi kwenye ile sukari ya mwalimu. Wa kwanza hakuthibitisha chochote.

Mpishi wetu mkuu aliniambia yupo Mmarekani anaitwa Ian McCammon, mwaka 2004 aliandika kuhusu ajali zaidi ya 700 alizozichambua. Alichotaka kujua ni kwa nini watu wenye mafunzo wananaswa huku dalili za hatari ziko wazi. Akaorodhesha mitego ya akili: mlima ninaoufahamu, nimeshaamua siwezi kurudi, tunaye mjuzi atatuongoza, wengine wapo, theluji hii nzuri itaisha tukichelewa, nataka wanikubali. Kilichonishtua ni kile cha kwanza. Watu wenye mafunzo makubwa, wakiwa kwenye mlima wanaoufahamu, walijitia hatarini karibu sawa na wasio na mafunzo. Ujuzi ulikuwepo kichwani, ila mazoea yameulaza.

#10 Nahodha Mstaafu
Vijana, shikamooni kwa wanaostahili, wengine marahaba.

Nimeendesha boti njia ya Kagunga miaka mingi. Nikwambieni kitu ambacho mtu wa hesabu hakioni. Ziwa linakulipa hata ukikosea. Umetoka wakati haukupaswa kutoka, umefika salama, abiria wanakushukuru, unakula samaki wako unalala. Hakuna aliyekwambia umekosea. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya 50 sasa unajiita mjuzi, kumbe ulichojifunza ni makosa 50 yaliyokubali kunyamaza. Fundi tofali akikosea ukuta unapinda, anauona. Sisi hatuuoni ukuta.

Siku moja nilikuwa na watu wa harusi kutoka Kibirizi. Bwana harusi ndani, mbuzi ndani, masufuria ndani. Tulipopita usawa wa Gombe nikaona maji yamebadilika rangi huko mbele, meusi yenye povu jeupe juu. Kila mtu anasema twende nahodha, wewe si wa jana. Nilitia nanga Mwamgongo. Walinitukana usiku kucha, mama mmoja akasema nimemtia mwanawe mkosi. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia na hakuna aliyejua kama usiku tungekufa au tungefika. Mimi mwenyewe sijui mpaka leo. Ukikosea unapongezwa, ukipatia unatukanwa. Mzoefu anatokana na hayo.

#11 Mwalimu Kasulu
Shikamoo Nahodha. Hii ya kwako ningeiweka mbele ya zote. Theluji nayo inanyamaza hivyo hivyo.

#12 Mnyamwezi wa Urambo
Nahodha nakuvulia kofia. Na huyo bwana harusi alioa?

#13 Nahodha Mstaafu
Alioa, kesho yake saa saba mchana. Yule mbuzi tulimla Mwamgongo.

#14 Kalinzi Kahawa
Nimekubali kuhusu kelele, ahsante mwalimu. Lakini serikali ya huko haina utabiri? Sisi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Siku ya hatari kubwa wangefunga mlima, basi.

#15 Mtoto wa Kibirizi
Utabiri upo na ni mzuri mno. Kuna taasisi ya theluji na maporomoko iko Davos, kila saa kumi na moja jioni inatoa taarifa ya kesho yake. Hatari inapimwa kwa ngazi 1 mpaka 5, Ulaya nzima wanatumia ngazi hizo tangu 1993. Mimi ndiye ninayeichapa na kuibandika ukutani karibu na jiko. Haifungi mlima, inakuambia tu: hatari iko kwenye kimo gani, upande gani wa mlima, kwa sababu gani. Uamuzi unabaki kwako.

Siku ile niliandika 3 kwa kalamu nyekundu.

#16 Fundi Tofali
3 kati ya 5? Hiyo ni katikati, mtu yeyote angetoka. Vifo vingi si vinakuwa kwenye 5?

#17 Mtoto wa Kibirizi
Fundi, hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Vifo vingi vinatokea kwenye 3. Ngazi ya 5 ni nadra sana, siku hiyo hata barabara za bondeni zinafungwa na watu wanakaa ndani. Kwenye 3 jua linawaka, theluji mpya inang'aa, namba iko katikati ya ngazi kama maksi za kupita mtihani. Kumbe tafsiri ya 3 ni kwamba mtu mmoja anaweza kulikata bamba kwa uzito wake.

#18 Takwimu Tu
Naongezea la #17: kwenye 3 watu wengi wako nje, kwenye 5 hakuna mtu. Mnaona? Tumerudi kwenye hesabu yangu.

#19 Mama Mawese
Umerudi wewe. Mimi bado niko na zile taa mbili.

#20 Binti Gungu
Mimi ni muuguzi, nisaidie upande wangu. Mleta uzi amesema mzee alikuwa na vifaa vyote. Vifaa ni vipi, na vilimsaidia nini? Maana aliyefukiwa na theluji namfikiria kama aliyezama, shida ni hewa. Wengi wanakufa kwa kukosa pumzi, wachache kwa kugongwa na miti na miamba. Hewa unayoitoa inarudi kwako, unapumua uchafu wako mwenyewe, na pumzi yenye joto inagandisha barafu mbele ya uso. Nilivyosoma, aliyefukiwa mwili mzima akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, karibu 9 kati ya 10 wanapona. Zikifika 35 wanabaki kama 3 kati ya 10. Kwa hiyo helikopta iliyo mbali haikuokoi. Anayekuokoa ni uliyetoka naye.

#21 Mtoto wa Kibirizi
Dada muuguzi, ndivyo wanavyofundisha huku. Vifaa vya lazima ni vitatu. Cha kwanza kinavaliwa kifuani chini ya koti, ni redio ndogo inayotuma mlio wakati wote kwenye mawimbi ya kilohezi 457. Mwenzako akifukiwa, unageuza yako isikilize badala ya kutuma. Cha pili ni ufito mrefu unaokunjwa vipande vipande kama wa hema. Cha tatu ni beleshi jepesi la alumini.

Wamenifundisha na mimi, hata mtu wa jikoni lazima ajue. Walifukia begi lenye redio bila mimi kuona, wakaniambia, saa inakwenda. Kioo kinaonyesha mshale na namba: 38. Nikakimbia ninazama mpaka magotini. 21. 9. Hapo unapiga magoti, unaishusha redio mpaka usawa wa theluji, unaisogeza polepole mbele na nyuma, kushoto na kulia, unatafuta namba ndogo kuliko zote. 1.2. Unachoma ufito, ardhi ngumu. Unachoma tena kiganja kimoja na nusu pembeni. Mara ya tano ufito ukagota kwenye kitu kinachobonyea, kama kuchoma gunia la unga. Ufito unauacha palepale, hauchomoi. Kisha beleshi, na hapo ndipo nilipokata tamaa. Theluji ya poromoko ikishasimama inashikana kama zege. Kuchimba mita moja na kitu kulinila dakika tisa, nami ni kijana na lilikuwa ni begi.

Mzee walimpata kwa redio ndani ya dakika sita. Alikuwa chini sana.

#22 Mzee wa Katonga
Innalillahi. Wanangu, mnatafuta sababu nyingi. Siku ikifika imefika. Mzee wa watu rizki yake ya pumzi iliishia pale, angebaki kitandani ingemfuata kitandani.

#23 Nahodha Mstaafu
Mzee mwenzangu, hilo sikatai. Lakini tumefundishwa mfunge ngamia kwanza ndipo utawakali. Mimi pale Mwamgongo nilikuwa namfunga ngamia.

#24 Mzee wa Katonga
Na ulifanya vyema. Ngamia afungwe. Ila kuna kamba inayokatika hata ikifungwa vizuri, hiyo ndiyo ninayoisema.

#25 Fundi Tofali
Mimi nadhani tatizo ni hivyo vifaa. Ukimpa mtu redio, ufito na beleshi anaona amejikinga, anakwenda asipopaswa. Injini zilipokuja Kibirizi wavuvi si walianza kwenda mbali kuliko zamani za makasia?

#26 Mtoto wa Kibirizi
Kuna mjadala mkubwa huku juu ya hilo, hasa kwa begi la puto. Unavuta kamba, puto linajaa hewa mgongoni, unabaki juu poromoko likitembea. Linafanya kazi kwa kanuni ambayo mama zetu wanaijua: tikisa karanga kwenye ungo, kubwa zinapanda juu, chenga zinabaki chini. Ukiwa mkubwa kuliko vipande vya theluji unapanda. Linaokoa, hakuna anayebisha. Ubishi ni kama mwenye puto anachagua mteremko uleule ambao angeuchagua bila puto.

Mzee hakuwa na puto. Kwa hiyo Fundi, kwake yeye hoja yako naona haikai.

#27 Fundi Tofali
Sawa, kwake haikai. Kwa wengine nabaki nayo.

#28 Mpagazi wa Marangu
Nimeuona uzi kwa kuchelewa. Mimi ni mtu wa Buhigwe ila nabeba mizigo Kilimanjaro mwaka wa 11. Tuwe wazi, kwetu Afrika hayo mambo hayapo, theluji ya Kibo ni barafu na vumbi, hakuna aliyewahi kuleta skii.

#29 Mwalimu Kasulu
Mkuu, wameleta. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na skii. Ile barafu ya Furtwängler mnayopita karibu nayo kileleni imepewa jina lake. Barafu ya wakati ule si ya leo, zaidi ya asilimia 80 ya ile ya 1912 imekwisha. Na Afrika ipo: Moroko kwenye Atlasi ya Juu watu wanapanda Toubkal, mita 4,167, na skii zenye ngozi kama za mleta uzi. Lesotho nako kuna uwanja wa kuteleza.

#30 Mpagazi wa Marangu
Nimejifunza. Miaka 11 napita pale nadhani ni jina la mwenye kampuni.

Basi niseme ninachokijua. Kule tuna kiongozi wa msafara na mteja aliyelipa. Mteja amepanda ndege, amechukua likizo, siku zake zimehesabiwa. Anapoanza kuyumba kwa ukosefu wa hewa, kiongozi mgeni anamshusha mara moja kwa woga wa kazi. Kiongozi mzoefu anasema huyu namfahamu mtu wa aina hii, atafika. Mara nyingi anafika. Niliwahi kumbeba mgongoni mmoja ambaye hakufika. Kwa hiyo mimi nasema ni fedha na siku za likizo. Yule mzee alikuwa na watu wanaomlipa?

#31 Mtoto wa Kibirizi
Hapana. Alikuwa na rafiki zake watatu wa tangu ujana. Hakuna aliyemlipa wala aliyemharakisha.

#32 Takwimu Tu
Marafiki wa tangu ujana, hapo naanza kusitasita kwenye hesabu yangu. Kuna ajali ya Februari 2012 jimbo la Washington, Marekani, mteremko wa Tunnel Creek. Walikuwa watu 16, wengi wao wazoefu wakubwa, wenyeji na wenye kazi za skii. Walikufa watatu. Nilichokumbuka ni kwamba baadhi yao walikuwa na wasiwasi kabla na hawakusema. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ni mjuzi kuliko yeye, mimi nani niseme turudi. Kundi la wageni 16 angetokea mmoja akauliza swali la kitoto. Kundi la wajuzi linaona aibu kuuliza.

#33 Binti Gungu
Hiyo ipo hata wodini. Muuguzi mwanafunzi anaona daktari mkubwa anakosea anakaa kimya. Nimewahi kukaa kimya. Sitasimulia zaidi.

#34 Mwalimu Kasulu
Ndiyo maana Mswisi mmoja, Werner Munter, kiongozi wa wapanda milima, aliamua kutoutegemea ujuzi peke yake. Alitengeneza kanuni ya hesabu. Toleo lake la msingi ni jepesi kiasi cha kukaririka: hatari ngazi ya 2, usipite mteremko wa nyuzi 40 na zaidi. Ngazi ya 3, kaa chini ya 35. Ngazi ya 4, chini ya 30. Haikuulizi wewe ni nani wala una miaka mingapi mlimani. Wapo waliomcheka, wakasema mlima hausomwi kwa kikokotoo. Mtoto wa Kibirizi, pale alipopita mzee palikuwa na nyuzi ngapi?

#35 Mtoto wa Kibirizi
Waokoaji walipima. 37.

#36 Mama Mawese
Mwalimu umemuuliza kijana swali gumu.

#37 Mwalimu Kasulu
Samahani kijana. Sikukusudia kumhukumu marehemu.

#38 Mtoto wa Kibirizi
Usijali mwalimu. Nilitaka maelezo, nimeyaomba mwenyewe.

Lakini sikilizeni na hili, nililisikia juzi kutoka kwa rafiki yake aliyerudi kuchukua mizigo. Anasema walisimama pale juu wakachimba shimo kupima. Unakata nguzo ya theluji, upana sentimita 90 na 30 kuelekea juu ya mteremko, unalaza beleshi upande mmoja, unapiga kwa kiganja mara 10 kutokea kifundo cha mkono, 10 kutokea kiwiko, 10 kutokea bega. Ufa ukivuka nguzo nzima, mnarudi. Haukuvuka. Walipiga zote 30, nguzo imesimama. Wakateremka mmoja mmoja kama inavyotakiwa, wa kwanza akapita, wa pili akapita. Bamba lilikatika mita 40 tu kutoka kwenye lile shimo. Theluji ya mteremko mmoja inabadilika kila hatua, anasema, na shimo moja ni tundu moja.

Kwa hiyo kuna mtu hapa anaweza kuniambia walizembea wapi? Yule rafiki hawezi. Ameniuliza mimi.

#39 Nahodha Mstaafu
Walifunga ngamia, kijana wangu. Mzee wa Katonga ana haki ya kusema aliyoyasema.

#40 Takwimu Tu
Au walipima kwa sababu walishaamua kuteremka, na jibu zuri lilikuwa linasubiriwa. Silisemi kwa ubaya.

#41 Mpagazi wa Marangu
Mkuu wa #40, ungekuwepo pale juu, pumzi fupi, jua limetoka, marafiki zako wako nawe, ungerudi?

#42 Takwimu Tu
Sijui. Kusema kweli sijui.

#43 Mnyamwezi wa Urambo
Mtani, na wewe watakupandisha huko juu? Mama yako yuko Kibirizi, ana habari?

#44 Mtoto wa Kibirizi
Nimepanda mara mbili, mteremko mdogo nyuma ya nyumba, wa nyuzi 20 hivi. Mama nilimwambia kwa simu. Akauliza kama kuna maji. Nikasema yameganda. Akasema basi hayo si maji ya kuogelea, uwe unawaambia unapokwenda na saa ya kurudi. Ndiyo amri aliyompa baba miaka yote.

#45 Mama Mawese
Mama huyo apewe maua yake.

#46 Kalinzi Kahawa
Na mimi niulize dogo moja, limenikaa tangu #3. Zile ngozi za chini ya skii, wakishazibandua juu kule, wanaziweka wapi? Si zinaganda?

#47 Mtoto wa Kibirizi
Zinaganda kweli, na gundi yake ikipoa haishiki tena. Wanazikunja gundi kwa gundi, wanazitia ndani ya koti, kifuani. Za yule mzee zilikutwa hapo. Nimezianika juu ya jiko na zile nyingine, zimekauka tangu wiki iliyopita. Familia yake wanakuja Jumamosi, nitawakabidhi.